Uchumi unakua, mbona mshahara haufiki mwisho wa mwezi?

Dada yangu, umeuliza inakuwaje tuambiwe uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, ilhali wewe na mumeo, nyote mkiwa na kazi hapo Nakuru, mnakopa kwenye simu kabla ya tarehe 20, na karo ya mtoto inawashinda. Usijilaumu. Takwimu hiyo hupima jumla ya kinachozalishwa nchini, si kinachobaki mkononi mwako. Na watu nao wanaongezeka, kwa hiyo fungu la kila mmoja hukua polepole zaidi.

Someni hati zenu za mshahara. Ada ya nyumba, yaani tozo ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu, inakata asilimia 1.5, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, na makato ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, yamepanda kwa awamu tangu 2023. Kama hamjaongezwa mshahara, mnapeleka nyumbani pungufu kuliko zamani.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni hiyo mikopo ya simu. Ada ya asilimia 8 kwa siku 30, ukirudia mwaka mzima, inafika asilimia 96! Sacco nyingi, yaani vyama vya akiba na mikopo, hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio la mkopo. Kama mmoja wenu ni mwanachama, chukueni mkopo mmoja huko, mlipe madeni yote ya simu siku hiyohiyo, kisha mfute hizo programu. Kama bado, jiungeni sasa, na mmalize kwanza deni lenye ada kubwa kuliko yote. Kuhusu karo, mwoneni mwalimu mkuu mapema, kabla mtoto hajarudishwa nyumbani, mwombe kulipa kidogo kidogo.