Halloween haitishi? Niambie kwanza uliitazama vipi

Ndugu yangu wa Langoni, umeeleza kwamba miaka nenda miaka rudi unasikia watu wakiisifia Halloween na The Texas Chain Saw Massacre, ukazitafuta, ukazitazama, hukuona cha kutisha. Sasa unataka kujua sisi tunaozipenda tunaona nini, uendelee na ipi, na kama ni sawa mdogo wako wa darasa la saba kukaa na nyinyi. Nakujibu kutoka Malindi. Huku tuna kikao chetu cha picha za kutisha, uwani kwa rafiki yetu mmoja mtaa wa Shella, baada ya Isha: projekta, shuka nyeupe ukutani, spika mbili kubwa, birika la kahawa na viazi karai. Mwezi wa Ramadhani tunafunga. Picha ikiisha hatuondoki, tunaijadili mpaka mwenye nyumba aanze kukunja mikeka.

Umesema uliitazama kwa simu, kitandani, mwangaza umeupunguza, faili ya kurushiwa na rafiki. Halloween haiwezi kukutisha hivyo hata ukirudia mara kumi. John Carpenter aliitengeneza mwaka 1978 kwa pesa chache, dola 300,000 na kidogo, lakini kitu kimoja alikataa kukibania: upana wa picha. Aliipiga kwa lenzi za Panavision, zile zinazotoa fremu ndefu kutoka kushoto hadi kulia, na upana wote ule ndimo anamomficha adui. Michael Myers, yule muuaji mwenye barakoa nyeupe, hasimami katikati ya picha. Yuko kati ya nguo zilizoanikwa, yuko kando ya ua wa majani, yuko ng'ambo ya barabara wakati wasichana wanapiga soga, na hakuna anayekuambia mtazame yule pale. Ni kazi yako kumwona. Enzi za kanda na deki zile fremu zilikatwa pande zote mbili ili zitoshee televisheni, kwa hiyo kuna watu walioitazama miaka hiyo wakakosa nusu ya picha bila kujua. Simu nayo haiikati, inaidogosha tu, mpaka mtu aliyesimama pembeni anakuwa mdogo kuliko punje ya mchele.

Kuna fremu moja nataka uirudie. Karibu na mwisho, Laurie, yule msichana anayelea watoto wa jirani, ameshaziona maiti za wenzake. Anarudi nyuma, anaegemea ukuta akilia, na ubavuni pake pana mlango wa chumba chenye giza. Sekunde zinapita. Halafu ndani ya lile giza kinaanza kuonekana kitu cheupe, polepole sana, huna uhakika kama ni macho yako. Ni ile barakoa. Mpiga picha, Dean Cundey, alitega taa ndogo akaiongeza mwanga kidogo kidogo, basi. Hakuna mtu aliyesogea, hakuna mlango uliofunguliwa. Michael alikuwa amesimama pale muda wote. Sasa faili iliyobanwa ikabanwa tena hulivunja giza kuwa vipande vipande vya kijivu, na ile barakoa inatokea kwa mkupuo kama hitilafu ya kioo. Ulichokikosa wewe ni hicho hasa. Siku tuliyoionyesha uwani, walioanza kuiona barakoa ni wawili waliokaa mbele, wakavuta pumzi, kisha safu ya pili, kisha sisi wa nyuma. Niliusikia woga ukipita mkekani kutoka mtu hadi mtu.

Halafu masikio. Carpenter mwenyewe amesimulia kwamba aliionyesha picha kabla ya kutia muziki kwa mkubwa mmoja wa studio, na yule mama hakutishika hata chembe. Akaenda akaupiga muziki mwenyewe kwa kinanda. Ule mdundo ni wa mapigo matano, ambao baba yake, mwalimu wa muziki, alimfundisha kwa ngoma ndogo alipokuwa kijana. Jaribu kuufuata kwa vidole mezani: mwili umezoea nne, kila ukidhani umefika umebakiwa na pigo moja mkononi, na hilo moja halikupi nafasi ya kutua. Spika ya simu hukupa ule uimbo wa juu tu na kukunyima mngurumo wa chini. Tafuta spika hata ya kuazima.

The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya 1974, ina hesabu nyingine. Naamini uliisubiri damu. Haimo, au imo kiduchu sana. Hooper aliibana makusudi akitumaini kupewa daraja jepesi la umri, na hakupewa. Kile kifo cha kwanza ndani ya nyumba ndicho kilichonifanya niipende picha hii kwa maisha yangu yote. Kijana anaingia akiita kama kuna mtu. Anajikwaa kwenye kizingiti. Mbele yake linatokea jitu limevaa aproni na uso wa ngozi, linampiga nyundo, linamburura ndani, na mlango wa chuma unafungwa kwa kishindo. Muziki hakuna, na kamera inatazama kwa mbali kana kwamba haihusiki. Limekwisha kabla hujajua limeanza. Picha nyingi hukuandaa kwa kifo. Hii hukuacha umetumbua macho kwenye mlango uliofungwa. Na joto! Waliipiga Texas katikati ya kiangazi, na lile jasho unaloliona kwa waigizaji ni jasho lao. Itazame mwezi wa Februari hapa pwani, stima imepotea na jenereta ya jirani inanguruma, utanielewa.

Sasa nikueleze jambo lililotufanya sisi watoto wa picha za Kihindi na za Kichina tushikwe. Sote tulikulia kwenye sheria moja: steringi hafi. Unamjua tangu kwenye bango, na hata akipigwa vipi unakaa kwa amani kwa sababu mwisho atamshika adui. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock aliivunja sheria hiyo. Katika Psycho jina kubwa kwa upande wa wanawake lilikuwa Janet Leigh, watu wakamfuata yeye, shida zake zikawa zao, na kabla picha haijafika nusu anauawa bafuni. Hitchcock alitaka majumba ya sinema yasimwingize mtu picha ikishaanza, maana anayechelewa angekaa akimsubiri steringi ambaye ameshakufa. Tulipoionyesha, kijana mmoja wetu, bingwa wa picha za kupigana, alisimama kabisa akauliza, "Sasa tutamfuata nani?" Swali hilo ndilo lililozaa picha zote unazoniuliza. Ukishajua kwamba steringi anaweza kufa, kila mtu aliye kwenye skrini ni mtu wa kuhofia. Na usione ajabu kwamba Laurie wa Halloween aliigizwa na Jamie Lee Curtis: ni binti wa huyo huyo Janet Leigh.

Watu wa Malindi tuna mlango wetu wa kuingilia picha hizi ambao sijaona wengine wakiutaja. Waitaliano wameishi nasi miongo mingi, tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, na vijana wengi wa hoteli na ufukweni wanakizungumza Kiitaliano kama mchezo. Kwa hiyo picha za Mario Bava na Dario Argento, ambazo wengine husoma maandishi ya chini, sisi twazisikiliza moja kwa moja. Na Waitaliano ndio waliowatangulia Wamarekani katika mambo haya ya muuaji mwenye glavu nyeusi usiyemjua. Reazione a catena ya Bava ni ya 1971, na watengenezaji wa Friday the 13th Part 2, miaka 10 baadaye, walichukua kutoka humo mkuki unaowapitia wapenzi wawili kitandani. Kinachowaua watu kwenye picha ile ya Bava ni ardhi: ghuba nzuri, mwenye mali mzee, na watu wanaochinjana ili wairithi waijenge. Hapa Malindi hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mtu aue kwa ajili ya ploti ya ufukweni. Mjadala wa usiku ule haukuwa wa sinema tena, ulikuwa wa hatimiliki, na ulikuwa mzuri kuliko picha yenyewe.

Ya Argento inayonikaa rohoni ni Profondo rosso, 1975. Mpiga piano anakimbilia fleti ambako mwanamke ameuawa, anapita korido iliyojaa michoro ya nyuso, na baadaye anashikilia kwamba kuna mchoro mmoja ulioondolewa. Picha nzima anautafuta mchoro ule. Sitakuambia alichokiona, ila jua kwamba na wewe umekiona, wakati ule ule, mbele ya macho yako, hujadanganywa hata kidogo. Ukimaliza rudi pale koridoni. Sisi tulirudi, na kelele zilizopigwa ziliwaamsha majirani.

Jambo moja litakusumbua kwenye picha za Waitaliano: midomo na sauti haviendani. Ndivyo walivyofanya kazi wakati huo, kila mwigizaji alisema kwa lugha yake, sauti zikatiwa baadaye studio. Sisi tuliozoea picha zilizoingizwa sauti ya DJ Afro, yule msimulizi wa picha, hatuoni tabu.

Kuhusu hoja yako kwamba mtu wa pwani haogopi muuaji mwenye kisu kwa sababu tumekua na habari za majini: tulilijadili hili kwa kirefu. Akina mama wanaopita kuchukua watoto wao husema picha ya kutisha ni Purana Mandir ya ndugu Ramsay, 1984, na hizi nyingine ni vurugu tu. Lakini itazame Halloween tena. Michael hasemi. Hakimbii. Anapigwa risasi 6, anaanguka kutoka ghorofani, na wanapochungulia chini hayupo. Kisha Carpenter anakuonyesha vyumba vitupu, ngazi, nyumba moja baada ya nyingine, na unasikia pumzi zake juu ya zote. Kwenye orodha ya waigizaji hakuandikwa Michael kwa zile sehemu za barakoa, aliandikwa The Shape, yaani umbo tu. Fundi seremala wa kikao chetu, mtu asiyepoteza maneno, alisema, "Huyo wameshindwa kumtaja, nasi tunamjua." Nakubaliana naye. Ukitembea magofu ya Gede alasiri watalii wakishaondoka, unachokiogopa ni kutazamwa. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua pale mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, kisicho na uadui wala urafiki. Halloween inaanza hivyo hivyo, kamera ikiwa ndiyo macho ya mtu anayeizunguka nyumba usiku, na wewe unalazimika kutazama kwa macho yake.

Wapo wanaosema picha hizi zinafurahia kuua wanawake. Nyingi za miaka ya themanini zilizofuata upepo wa Friday the 13th, kweli, hazina kingine, na sizitetei. Lakini Carol Clover, mtaalamu wa Marekani, alionyesha mwaka 1987 kwamba kwenye zile bora mtazamaji mwanamume huishia kumshika mkono msichana wa mwisho, anaogopa kwa mwili wake na kushinda naye. Nimeliona hilo uwani kwa macho yangu: vijana walioanza kwa kumshangilia Michael, dakika za mwisho wanampigia kelele Laurie asikitupe kile kisu. Dada wawili wa kikao chetu ndio wenye uchambuzi mkali kuliko sote, na wao husema wazi picha ipi inamheshimu msichana na ipi inamtumia.

Mdogo wako asikae. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina daraja la 18 kwa sababu, na mtoto wa darasa la saba akiona ile nyundo hutaweza kumwondolea. Mwenye nyumba wetu huwalaza watoto upande wa pili kwanza, na sauti tunaipunguza mpaka walale.

Wewe endelea na Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Ilipobadilishwa jina kabla ya kutolewa, tangazo la hakimiliki lililokuwa chini ya jina la zamani halikurudishwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya kila mtu. Ndiyo maana nakala nzuri, safi, utaipata bure bila kumwibia yeyote. Ina weusi na weupe mkali unaotoka vizuri hata kwa projekta dhaifu. Steringi wake ni Duane Jones, mtu mweusi, mwaka ule ule aliouawa Martin Luther King, na hakuna mtu ndani ya picha anayeitaja rangi yake hata mara moja. Itazameni watu wasiopungua watano, simu zikae kapuni, na dakika tatu za mwisho mtu asiinuke. Kisha njoo hapa uniambie watu wako wa Langoni walisema nini kuhusu asubuhi ile ya mwisho wa picha.