Shubiri mwitu kwa mjamzito mwenye choo kigumu

Je, mjamzito mwenye choo kigumu anaweza kunywa maji ya shubiri mwitu (aloe vera)? Hapana, hayamfai, hata kama chupa imeandikwa kuwa ni ya asili tupu. Tatizo liko kwenye ule utomvu wa manjano, mchungu mno, unaotoka chini ya ganda la jani: una aloini, kemikali inayolazimisha utumbo kujikaza, na inahofiwa kuwa inaweza kuchochea mji wa mimba pia, mbali na kuharisha kunakopoteza maji na madini ya potasiamu mwilini. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziondoa dawa za kulainisha choo zenye shubiri katika zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Ute mweupe wa ndani ukipakwa kwenye ngozi ni jambo tofauti na hauna hofu hiyo, ila anayeukamua nyumbani si rahisi autenganishe kabisa na utomvu.

Kwa choo kigumu, aanze na maji mengi, mapapai yaliyoiva vizuri na mboga za majani, na akikosa nafuu aombe laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kliniki. Aulize pia kuhusu vidonge vya madini ya chuma, maana mara nyingi ndivyo vinavyofunga choo, lakini asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aliyekwisha kunywa asifiche, na akiona damu au tumbo likimkaza aende hospitali siku hiyohiyo.