Rupia ya India hainunui gemu Igoma

SWALI: Shikamoo anko. Nachezea gemu kwenye kompyuta, niko Igoma, Mwanza. Binamu yangu anasoma India. Gemu ninayoitaka pale Steam, duka la gemu la mtandaoni, yeye anaiona kwa rupia, na ukizigeuza ni karibu nusu ya dola 60 ninazodaiwa mimi. Rafiki anasema niweke VPN nionekane niko India. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifanye.

Sato akitoka mwaloni Kirumba hadi Dodoma bei inapanda, na sababu unaiona: barafu, gari, ushuru. Gemu ya kupakua haina barafu. Bei yake anaipanga mwenye gemu, nchi kwa nchi, akipima watu wa huko wanamudu kiasi gani. Wahindi wana bei ya rupia. Shilingi yetu haimo kabisa kwenye sarafu za Steam, kwa hiyo tunasomewa dola ileile ya Mmarekani. Dola 60 ni kama laki moja na nusu! Kijana wa Igoma anatozwa sawa na wa Chicago. Hili linaniuma, na nitalisema kila nikipata nafasi.

Sasa hiyo VPN. Ili ulipe bei ya India unatakiwa uwe na njia ya malipo ya India, na kadi yako ya malipo ni ya hapa. Kuficha ulipo ni kuvunja mkataba. Akaunti inaweza kufungiwa na gemu ulizokwisha kulipia zikiwa ndani. Binamu naye akikutumia kama zawadi, tofauti ya bei ikiwa kubwa mfumo unaikataa. Watu walikimbilia Uturuki na Argentina kwa ujanja huohuo. Novemba 2023 Steam ikaondoa lira na peso, na wenyeji wakabaki na bei za dola.

Kwenye PlayStation niliungua mwenyewe. Nilinunua kadi ya salio la dola 50 hapa mjini, nikaikwangua kwa kucha, nikaingiza herufi na tarakimu zote 12 taratibu. Ikagoma. Akaunti yangu ni ya Uingereza, kadi ilikuwa ya Marekani. Muuzaji hakuniuliza kitu, na kadi iliyokwanguliwa hairudishwi. Tangu hapo nanunua diski: ya PlayStation 4 inacheza popote ilikotoka.

Wewe wa kompyuta subiri punguzo la mwishoni mwa Juni au Desemba. Iweke gemu kwenye orodha ya unazozitamani. Bei ikishuka, Steam watakutumia barua pepe.