Mama Alipopatana Bei ya Samaki Malta

Swali lenu la wiki hii: kati ya visiwa mlivyokwenda kupumzika, kipi hakijawatoka akilini, na kwa nini? Changu ni Malta, na sababu ni mama yangu na kilo mbili za samaki.

Niseme kweli, Malta sikuichagua kwa mapenzi. Tunaishi Leicester, tiketi zilikuwa nafuu, na mama, mzaliwa wa Lamu aliyekulia Mombasa, huku Uingereza husikia baridi hata Agosti. Nikamwambia Septemba tunakwenda kuota jua kisiwani, wiki moja. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Samaki wapo?"

Mwanzo haukuwa mzuri. Tangazo la nyumba tuliyokodi lilisema ina lifti. Lifti tuliikuta, imefungwa utepe mlangoni, na sisi ghorofa ya nne. Mama alipanda kwa vituo. Kila ghorofa anakalia sanduku, anavuta pumzi, anamtaja mwenye nyumba kwa majina ambayo hamtayachapisha. Asubuhi yake tukaamshwa na mishindo. "Vita?" Hapana, mama, sikukuu ya mtakatifu. Malta wakati wa joto karibu kila parokia ina sikukuu yake, na fataki hupigwa hata mchana kweupe, ambapo hakuna cha kuona. Wanataka mshindo.

Ilikuwa Jumapili, siku ya soko la samaki la Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi kusini mwa kisiwa. Bandarini zimejaa boti ziitwazo luzzu, za mbao, zimepakwa njano, nyekundu, kijani na buluu, na kila moja ina macho mawili ya kuchonga puani. Mama akasimama. "Zina mato," akasema, kwa Kiamu chake. Baba yake alikuwa nahodha, na majahazi ya Lamu nayo huwekwa macho pande mbili za omo. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na mimi niliyekuja kutafuta kivuli na kahawa nikasubiri.

Kisha tukafika kwenye meza za samaki. Palikuwa na samaki mwenye paji pana, mgongo wa kijani unaong'aa, mbavu za dhahabu zilizoanza kufifia. Wao humwita lampuka. Mama akambonyeza kwa kidole, akafunua shavu kutazama wekundu. "Huyu si fulusi huyu?" Ni fulusi. Msimu wake kule huanza Agosti, na wavuvi humtega kwa maboya yaliyofunikwa makuti ya mitende, kwa sababu fulusi hupenda kukaa kivulini. Kwa hilo tunafanana.

Nilikuwa najiandaa kukalimani kwa Kiingereza. Mama akanitangulia, akanyosha kidole na kupindua kiganja, ile ishara ya bei gani. Muuzaji, mzee mwenye aproni ya mpira, akajibu kwa lugha yake: "Għaxra." Wanaiandika hivyo, lakini ukiisikia ni *ashra*. Mama akanigeukia. "Amesema ashara?"

Euro kumi kwa kilo. Mama akamrudia: "Sita." Mzee akaweka kisu chini. "Sitta? Le, le! *Disgħa.*" Yaani hapana, tisa. "Saba," akasema mama, kama yuko Marikiti. Watu wakaanza kutuangalia. Mzee akacheka, akapangusa mikono, akasema "*tmienja*", na hapo mimi nikakwama. Mama hakukwama. Akatoa pochi, akalipia kilo mbili kwa nane nane. "Ni themanini iliyokatwa mkia," alinieleza kwenye basi, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, na lugha waliyoiacha haikuondoka nao. Kimalta cha leo kina mifupa ya Kiarabu na nguo za Kitaliano, kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na tangu 2004 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Kiswahili ni habari nyingine kabisa, mifupa yetu ni ya Kibantu; ila maneno ya Kiarabu, wageni waliokuja kukaa kwetu, ni jamaa wa wale waliojenga kule. Kwa hiyo msamiati wa mama ukawa na kazi. Bahari kwao ni *baħar*. Dunia ni *dinja*, roho ni *ruħ*, kitabu ni *ktieb*. Kanisa ni *knisja* na kasisi ni *qassis*. Nilipomwambia kwamba Krismasi wanaiita *Milied* alikaa kimya kidogo. "Maulidi," akasema. Pasaka yao ni *Għid*, yaani Idi. Na Kwaresima, jamani, ni *Randan*. Wakatoliki wa kupindukia, wanafunga Randan!

Valletta, mji mkuu, tuliingia kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, palipo na mchoro wa Caravaggio wa 1608, Yohana Mbatizaji anakatwa kichwa. Mlangoni watalii wenye mabega wazi walikuwa wanapewa mitandio. Mama na buibui lake akapita kama mwenyeji. Lakini sakafu ilimshinda. Ni mawe ya marumaru ya makaburi ya wale Knights of Malta, watawa wapiganaji wa zamani, mamia, yamechorwa mafuvu na mifupa, na watu wanatembea juu yake huku wanapiga picha. "Tunakanyaga watu?" Akapita pembeni akiambaa ukuta, akiwasalimia maiti kwa sauti ya chini kama inavyopasa makaburini. Ule mchoro hakuutazama sana.

Mengine nitayapitia haraka. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, Pemba ni mara tatu yake, na bado foleni za magari zinakutoa jasho. Fukwe za mchanga ni chache, wengi wanaogelea kutoka miambani. Blue Lagoon ya kisiwa kidogo cha Comino maji ni mazuri mno, ila tulikuta watu wamejazana kama dagaa kwenye ungo, achaneni nayo. Gozo, kisiwa jirani, ndiyo nendeni, kivuko ni kama dakika 25, mkaone mahekalu ya Ġgantija yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri. Ule mlango maarufu wa mwamba baharini, Azure Window, ulianguka mwaka 2017, lakini kadi zenye picha yake bado zinauzwa.

Yule fulusi mama alimpaka ndimu, chumvi na pilipili, akamkaanga kwenye kikaango kidogo cha nyumba ile, akapika na wali kwa tui la kopo alilolificha katikati ya nguo zangu. Tulikula roshani, fataki zikilia.

Anataka turudi. Ametoa masharti mawili: nyumba iwe ya chini, na tufike Jumamosi.