Kuhusu bunduki yako ya .22 kupiga kushoto ya sungura

Mkuu umesema umenunua .22 (bunduki ya risasi ndogo, kipenyo inchi 0.22) ya bolt, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila risasi, yenye darubini ya kulengea, kibali unacho, ila sungura wa mita 60 huko Chamwino unawakosa, risasi zinaenda kushoto. Bunduki usiiuze, wala usikimbilie .17 HMR, bunduki ya risasi nyembamba zaidi na yenye kasi, inanyooka mbali kweli ila risasi zake bei imechangamka.

Anza na risasi. Tafuta aina mbili tatu za greni 40 (uzito wa kichwa cha risasi, kama gramu 2.6), kila mtutu una risasi yake unayoipenda, halafu ukipata inayokusanya, yaani matundu yanakaa karibu karibu, usichanganye tena. Weka karatasi mita 50, nyuma yake kichuguu kikubwa au tuta la udongo, maana hiyo risasi ndogo inafika zaidi ya kilomita moja na ikigonga jiwe inaruka hovyo, na wachunga mbuzi wapo kila kona. Nenda asubuhi na mapema kabla upepo wa Dodoma haujaamka, egemeza kwenye mfuko wa mchanga, piga tano ndo urekebishe darubini, usirekebishe kwa risasi moja. Darubini nyingi kliki moja (mlio mmoja wa kifundo cha kurekebishia) kwa mita 50 ni kama milimita 3 na nusu, kwa hiyo sentimita 2 ni kliki 6 hivi.

Mita 100 achana nazo, ukiwa umerekebisha kwa mita 50 risasi inashuka zaidi ya sentimita 10, utamjeruhi tu mnyama wa watu.