Chini pote wazi, lakini hapakaliki

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: ghorofa ya chini isiyo na kuta, sebule, meza ya kulia na jiko vyote katika chumba kimoja kirefu, na fedha za kubomoa au kujenga hazipo. Tumechagua tano.

Kila anayepita anakatiza mbele ya televisheni

*Chini kwetu hakuna ukuta hata mmoja. Ukifungua mlango wa mbele uko sebuleni, inafuata meza ya kulia, na mwisho kabisa jiko. Urefu ni mita 9 na upana mita 4.2. Ngazi zinapandia upande wa kushoto, nje ya upana huo. Makochi yote tumeyasukumia ukutani ili pawe papana, lakini kila anayekwenda jikoni au juu anatukatiza. Tuanzie wapi? – Mama wa Wanne*

Mama wa Wanne, anzeni na njia, makochi yafuate. Mkishayasukumia makochi ukutani, sakafu inayobaki tupu ni ya katikati, na miguu hufuata palipo tupu. Mmejitengenezea barabara katikati ya sebule bila kukusudia.

Chora chumba kwenye karatasi ya miraba, sentimita 2 kwa kila mita. Chenu kitatoka sm 18 kwa sm 8.4. Kata vipande vya boksi kwa kipimo hicho hicho: kochi la watu watatu lenye sm 210 kwa sm 90 litakuwa kipande cha sm 4.2 kwa sm 1.8. Kabla hujaweka kipande chochote, chora kwa penseli safari tatu: mlangoni hadi ngazini, mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi mezani. Kwenu safari mbili za kwanza zinaweza kupita njia moja inayoambaa na ukuta wa kushoto. Ipeni mita 1. Ikibidi kubana, msishuke chini ya sm 90. Ikifika sm 75 watu wanaanza kupita kiubavu, na aliyebeba sufuria ya moto hawezi kupita kiubavu.

Sasa mna mita 3.2 za sebule. Kochi kubwa lipe mgongo njia, lielekee ukuta wa kulia. Mgongo wake ndio ukuta wenu, na haukugharimu kitu. Hesabu inakwenda hivi: kochi sm 90, nafasi ya magoti sm 45, meza ndogo sm 60, nafasi ya kupita mbele ya televisheni sm 85, kabati la televisheni sm 40. Jumla sm 320, hakuna kinachobanana. Aliyeketi atakuwa kama mita 2 na kitu kutoka kwenye kioo, umbali unaoifaa televisheni ya inchi 55. Iliyo kubwa zaidi huenda ikawachosha shingo.

Nyuma ya kochi msiongeze kitu, hata meza nyembamba ya maua. Itakula njia, na mtarudi mlikotoka.

Meza ya kulia ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu huipima ikiwa haina watu. Kila mlaji anahitaji sm 60 za ukingo. Nyuma ya kiti acheni sm 80 za kukivuta na kusimama, na kama kuna mtu atapita nyuma ya aliyeketi, mita 1. Meza ya upana wa sm 90 yenye viti pande zote mbili, mmoja ukiwa upande wa njia, inameza sm 270. Mkiweka benchi la sm 45 likiegemea ukuta wa kulia, na ukingo wa meza uingie juu yake sm 5, hesabu inashuka hadi sm 210: benchi, meza, na sm 80 za viti vya upande wa pili. Benchi hilo seremala analipiga kwa mbao za kawaida, na ndani yake mnapata sanduku la kuhifadhia vitu.

Mkisharidhika na mchoro, msihamishe chochote bado. Bandikeni sakafuni utepe wa karatasi wa mafundi rangi kufuata mipaka ya kila fanicha, mwishi nao siku nne au tano. Mahali ambapo kila mtu anaukanyaga, pana kosa. Utepe ni rahisi kuuhamisha kuliko kochi, ila msiuache wiki nyingi, gundi yake hukauka na kushika sakafu.

Nataka sinki lisionekane

*Mgeni akisimama mlangoni, umbali wa mita 5 hivi, anaona kaunta ya jiko, sinki na vyombo vyote. Fundi anataka kujenga ukuta wa matofali. Kuna njia nyingine? Na harufu ya vitunguu je? – Nimechoka na Sinki*

Ukuta wa tofali ukatae. Wenye unene wa sm 15, kimo cha mita 2.4 na urefu wa mita 2.5 una uzito unaozidi tani moja, na sakafu ya kawaida haikumwagwa ili ibebe mzigo huo kwenye mstari mmoja. Nyufa zitaanzia kwenye vigae. Isitoshe, utaliziba jiko mwanga ili kuficha kitu cha kimo cha sm 90.

Pima kwanza unachohitaji kuficha. Mtafute mtu, mpe ncha moja ya uzi aishike usawa wa macho yake akiwa mlangoni. Wewe shika ncha nyingine kwenye kaunta, juu ya sufuria unayotaka isionekane. Uzi ukikazwa, kimo chake pale kizuizi kitakaposimama ndicho kimo unachokihitaji. Mfano: macho ya mgeni yapo kimo cha sm 155, naye yuko mita 5 kutoka kwenye kizuizi cha sm 120. Mstari wa macho unashuka sm 7 kwa kila mita, kwa hiyo sm 60 nyuma ya kizuizi umefika kama sm 116. Kaunta ya sm 90 iliyopo hapo inafichwa pamoja na chochote juu yake kisichozidi sm 25. Mita 1.2 za kizuizi zimetosha! Kabati fupi lisilo na milango, mgongo wake ukielekea sebuleni na rafu zikielekea jikoni, linamaliza kazi na kukuongezea mahali pa kuweka sahani. Likaze kwa vyuma vya pembe ukutani au sakafuni.

Kama unapenda kizuizi kinachofika darini, tumia fito za mbao zilizosimama wima. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitazami: ufito uelekee wapi. Chukua fito za sm 2.5 kwa sm 5 na uzisimamishe kiubavu, yaani ule upana wa sm 5 uelekee ndani, mwanya kati yake sm 5. Anayesimama mbele kabisa ataona jikoni. Anayetazama kwa pembeni, nyuzi 45 au zaidi, anaona mbao tupu kama ukuta. Kwa hiyo kama mlango wako uko ubavuni mwa jiko, kizuizi hiki kitakufaa sana. Kama unatazamana nalo moja kwa moja, rudi kwenye kabati fupi.

Kizuizi cha upana wa sm 150 kinachukua fito 20 na mianya 20, ukianza na mwanya ukutani na kumalizia na ufito. Usipime kila mwanya kwa futi. Kosa la milimita 1 kila mara linakuwa sm 2 mwishoni, na jicho linaliona. Kata kipande cha mbao cha sm 5 kamili, kiweke kati ya fito, kaza, kihamishe. Angalia kwa pima maji kila baada ya ufito wa tano. Mbao ziwe zimekauka. Mbichi zitapinda ndani ya miezi michache, na katika mistari iliyonyooka ufito mmoja ukipinda unaonekana kama jino lililoota vibaya. Juu, dari ya jipsamu peke yake haibebi, tafuta fremu iliyo nyuma yake. Chini, kwenye kigae, toboa kwa keekee ya vigae bila kuwasha mtindo wa kugonga mpaka uvuke ule uso wa kung'aa, na hakikisha kwanza kwamba bomba la maji halipiti hapo.

Harufu haizuiwi na fito wala kabati. Inatolewa na feni inayopeleka hewa nje. Mashine za juu ya jiko zinazozungusha hewa humo humo kupitia kichujio cha mkaa hupunguza harufu kwa kiasi, lakini mvuke zinauacha ndani, na kichujio hicho kinahitaji kubadilishwa kila miezi 3 hadi 6 kutegemea mapishi. Na kwa kuwa moshi wa jiko lililo wazi unapanda moja kwa moja kwenye ngazi, weka king'ora cha moshi kwenye kichwa cha ngazi. Karibu na jiko lenyewe weka kile kinachohisi joto, la sivyo kila maandazi yatawatoa watu nje.

Katikati pana giza mchana

*Madirisha yapo mbele na nyuma tu. Katikati tunawasha taa saa sita mchana, nayo ni balbu moja darini. – Gizani*

Mwanga wa dirisha huingia ndani kwa wastani mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha ukingo wake wa juu. Dirisha linaloishia mita 2.1 linaangaza mita 4 hadi 5. Tazama kwanza unachokizuia wewe mwenyewe: friji iliyosimama ubavuni mwa dirisha la jiko, pazia linalofunika robo ya kioo hata likiwa limefunguliwa. Fimbo ya pazia irefushe sm 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani. Dari ipake nyeupe isiyong'aa. Kioo cha kujitazamia kiweke kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, karibu nalo, kiusukume mwanga ndani.

Usiku, balbu moja katikati ya dari inaumulika ukumbi mzima sawasawa, na ndiyo maana unaonekana kama darasa. Taa ya kuning'inia juu ya meza, upande wake wa chini ukiwa sm 75 juu ya meza, inatosha kuitenga sehemu ya kulia bila ukuta. Sebuleni taa mbili za kusimama za rangi ya joto, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000. Kaunta ya jiko ipate taa za ukanda chini ya makabati, kelvini 4000. Usichanganye rangi mbili mahali pamoja, ngozi za watu zitaonekana zinaumwa. Kila kundi liwe na swichi yake. Kama fundi umeme hawezi kupasua ukuta, soketi zenye swichi zinatosha. Waya wa kuongezea usiupitishe chini ya zulia. Unakanyagwa, ngozi yake inachubuka, na joto halina pa kutokea.

Zulia linaelea

*Zulia letu la sm 120 kwa 170 linaonekana kama kitambaa cha mezani kilichoanguka. – F.*

Ni dogo. Kwa kochi la sm 210 unahitaji kama sm 200 kwa 300, miguu ya mbele ya makochi yote ikanyage ndani sm 15 hadi 20. Bei ikikushinda, nunua mabaki ya kapeti, yaunganishe kwa chini kwa utepe wa kapeti na uyapeleke kushonwa ukingo. Hilo dogo liweke chini ya ngazi.

Ukuta mfupi uliobaki

*Waliotutangulia walibomoa ukuta kati ya sebule na jiko, wakaacha kipande cha sm 60 kinachotoka ubavuni. Kinakera. Fundi ameugonga akasema hauna kazi, tuuondoe. – Baba Nyumba*

Baba Nyumba, mwambie fundi aweke nyundo chini. Kugonga kunakueleza kama ndani ni tofali au bodi tu, basi. Ukuta mwembamba wa tofali unaweza kuwa umebeba boriti, na vipande kama hicho mara nyingi huachwa makusudi ili boriti iliyowekwa baada ya kubomoa iwe na pa kukalia. Panda juu utazame: kuna ukuta uliosimama mstari huo huo? Chini, dari ina uvimbe ulionyooka kutoka kwenye kipande hicho hadi upande wa pili? Jibu moja tu likiwa ndiyo, hakiguswi mpaka mhandisi wa majengo aje atazame. Hata majibu yote yakiwa hapana, bado yeye ndiye wa kuamua.

Wakati mnamsubiri, kitumieni. Sm 60 ni upana wa friji nyingi au wa kabati dogo la viatu: egemezeni kabati upande wa sebuleni, mgongo wake ukiguse kipande hicho, na mpake vyote viwili rangi moja kuanzia sakafuni hadi juu. Lita 1 ya rangi hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo kopo moja litatosha mikono miwili na kubaki.