Jina Langu Katikati ya Kelele

Nilikuwa kwenye sherehe ya jamaa, muziki umepandishwa hadi glasi zinatetemeka mezani. Aliyeketi ubavuni mwangu alikuwa ananisimulia jambo refu, nami naitikia kwa kichwa tu kwa sababu nusu ya maneno yake hayanifikii. Ghafla nikageuka. Meza ya tatu nyuma yangu, mtu ambaye hata hakuwa akizungumza nami alikuwa amelitaja jina langu. Hakupaza sauti. Alikuwa akimwambia mwenzake kwamba nguo aliyoivaa nimemshonea mimi, na kwamba nilimchelewesha wiki mbili.

Nilirudi nyumbani na mambo mawili. La kwanza ni aibu, na hiyo nitaieleza mbele kidogo. La pili ni swali lililoninyima usingizi: kama sikio langu linaweza kulidaka jina moja katikati ya makelele yale, kwa nini tangazo langu lililokaa ukutani mwaka mzima halidakwi na mtu?

Mimi ni fundi nguo. Nina cherehani mbili, msaidizi mmoja na chumba kisichotosha. Tangazo langu lilisema hivi: "Tunashona nguo za aina zote, za kike na za kiume, kwa ubora wa hali ya juu na bei nafuu." Lisome tena uniambie linamwita nani. Ni kama kusimama mlangoni pa ukumbi ule na kuita "Jamani!" Kila mtu anadhani anaitwa mwingine.

Baadaye nikagundua kwamba jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1953 mwanasayansi Mwingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu vipokea sauti vya masikioni, sikio moja likisikia habari hii na jingine habari ile, akawataka warudie kwa sauti, neno kwa neno, yale ya upande mmoja. Walipoulizwa upande wa pili ulisema nini, hawakujua. Waligundua sauti ikibadilika kutoka ya mwanamume kuwa ya mwanamke, lakini lugha ilipogeuzwa kuwa Kijerumani wengi hawakung'amua. Mwaka 1959 mtafiti mwingine, Neville Moray, akaongeza kitu kidogo: upande ule usiosikilizwa akaweka jina la msikilizaji mwenyewe. Takriban thuluthi moja wakalisikia.

Thuluthi moja tu. Nasisitiza kwa sababu wanaopenda kusimulia habari hii husema mtu hawezi kulikosa jina lake. Analikosa, tena mara nyingi. Sasa kama jina la mtu lenyewe linampita, sentensi yangu ya "ubora wa hali ya juu" ilikuwa na matumaini gani?

Nikalibandua. Siwezi kuandika jina la kila mpita njia, lakini kuna kitu kinachokaribiana na jina, nacho ni kero ya mtu. Nikaandika: "Suruali imeanza kukubana kiunoni? Usiigawe. Naipanua, na mshono hauonekani." Wiki ya kwanza walikuja watu watatu, wote wanaume, wote wakiingia na mfuko wameukunja kwapani kama wanaficha siri. Mmoja alinambia, "Fundi, nimeona umeniandikia." Mwezi uliofuata nikabadilisha, nikaandika habari ya zipu zilizokufa kwenye nguo nzuri. Wakaja wengine kabisa.

Msaidizi wangu alihofu kwamba tukitaja suruali tutawapoteza wenye magauni. Hofu hiyo naielewa, nami niliishi nayo miaka. Nilichokiona ni kwamba aliyeletwa na suruali akishaingia huziona nguo zilizotundikwa, na safari ya pili huja na la mkewe. Mlango ni mmoja, haulazimiki kuandikwa kila kilichomo ndani.

Tangu siku ile nina kidaftari. Humo siandiki mbinu nilizosoma. Naandika mambo ninayojiona nikiyafanya mimi nikiwa mteja: nimetoa pesa wapi na kwa nini, nimeghairi wapi, nimesahau nini. Ukiwa na biashara ndogo unapoteza muda mwingi kujiuliza wateja wanafikiri nini, ilhali kutwa nzima wewe mwenyewe ni mteja wa watu wengine. Mengi yaliyonisaidia yametoka humo.

Chukua habari ya fundi bomba. Bomba la jikoni lilipasuka usiku, akaja kijana mmoja akalitengeneza vizuri sana, akafuta hadi maji sakafuni, akaondoka. Nilimsifia kwa kila mtu. Miezi minane baadaye bomba jingine likavuja. Unadhani nilimwita nani? Jina lake lilikuwa limenitoka, namba yake niliihifadhi kwa neno "Bomba" na sasa nilikuwa na "Bomba" tatu kwenye simu. Nikampigia mwingine, ambaye kazi yake ni ya wastani, kwa sababu alikuwa amebandika karatasi yenye namba yake kwenye mita ya maji.

Huo ni udhalimu, nakubali. Ila kusahau hakuna chuki. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha kazi yake mwaka 1885, alijikaririsha mwenyewe silabi zisizo na maana kisha akapima kiasi kinachobaki. Aliona kwamba sehemu kubwa hutoweka mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, halafu kusahau kunapunguza mwendo. Jina la fundi, kwa mtu aliyekuwa na hofu ya nyumba kujaa maji, halina tofauti kubwa na silabi isiyo na maana.

Kwa hiyo niliacha kuamini ule msemo wa chema chajiuza. Huenda chajiuza siku ile kinapoonekana, lakini hakijikumbushi. Sasa kila nguo inayotoka kwangu ina kilebo kidogo ndani, chenye neno moja na namba ya simu, kimeshonwa mahali ambapo mtu hukiona akiwa anavaa. Na siku chache baada ya mteja kuchukua nguo namtumia ujumbe wa kumuuliza kama imemkaa vizuri mabegani, au popote tulipopata shida. Siulizi kama ana kazi nyingine. Nauliza habari ya bega. Mara moja moja jibu huwa ni malalamiko, na hapo namwambia airudishe niirekebishe bure. Naona ni heri aniambie mimi kuliko meza ya tatu.

Kuhusu meza ya tatu sasa.

Mafundi tuna sifa yetu na sote tunaijua: "Njoo kesho." Kesho ya fundi haina tarehe. Nami niliamini kwamba tatizo ni uhaba wa mikono, kwamba nikipata cherehani ya tatu ucheleweshaji utaisha. Kisha siku moja nikakaa kwenye foleni ya kumsubiri daktari. Saa nzima hakuna aliyetoka kutuambia kitu. Watu walianza kuhesabu nani aliingia lini, mzee mmoja akagomba na kijana asiye na kosa, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatunga hotuba ya kumtolea yeyote atakayefungua mlango. Hatimaye akatoka muuguzi akasema, "Daktari amepata dharura, mtasubiri kama nusu saa hivi, anayetaka kwenda nje kunyoosha miguu aende." Basi. Hasira ikashuka kama maji yaliyoepuliwa jikoni. Nusu saa ile ilikuwa nyongeza juu ya saa tuliyokwisha kukaa, lakini ilipita haraka kuliko dakika kumi za mwanzo.

David Maister, mtaalamu wa biashara za huduma, aliandika mwaka 1985 kwamba kusubiri usikojua mwisho wake kunaonekana kurefu kuliko kusubiri kunakojulikana, na kusubiri bila maelezo kunaonekana kurefu kuliko kulikoelezwa. Mimi sikuhitaji kusadikishwa, nilikuwa nimetoka kwenye benchi lile na mgongo unauma.

Nikabadilisha mambo mawili. Nikaacha kutaja siku ambayo mteja anataka kuisikia, nikawa nataja siku ninayoiamini, kisha naiongezea mbili. Wapo waliokwenda kwa fundi mwingine aliyewaahidi Ijumaa. Waende salama, baadhi yao walirudi. La pili lilikuwa gumu zaidi: nikiona nitachelewa, namtafuta mteja kabla hajanitafuta. Mwanzoni kidole kilikuwa kizito kubonyeza kitufe cha kutuma, maana unakiri kosa ambalo mwenzako hata hajaliona. Lakini tofauti ya "Dada, nguo yako haitakuwa tayari Alhamisi, bitana niliyoikata imepungua, nitakukabidhi Jumamosi saa nne" na mtu kukukuta Alhamisi ukitafuta kisingizio, ni kubwa mno. Yule wa kwanza huja Jumamosi akitabasamu. Nimeshasikia mtu akinisifia kwamba "siku hizi fundi huyu ni mkweli," na kazi yenyewe ilikuwa imechelewa!

Watu wengi wa biashara ndogo hawaiiti hii kutafuta soko. Wao soko ni picha nzuri na maneno ya kuvutia kwenye stetasi ya simu. Picha nzuri ninazo, sizidharau. Lakini habari yangu inayosafiri bila mimi kuilipia ni hii ya kuchelewa au kutochelewa, basi heri niishughulikie.

Binti yangu ndiye aliyenifundisha kuomba. Ana miaka tisa. Akitaka kitu haniombi nikiingia tu mlangoni na mfuko mkononi. Ananiacha nikae, nivue viatu, ninywe maji. Kisha anakuja na sababu. Begi jipya la shule hakuliomba kwa kusema ni zuri. Alinionyesha mkanda uliokatika, na daftari lililolowa kwa mvua kupitia tundu. Ningefanyaje?

Mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walifanya jaribio kwenye mashine ya kunakili ya chuo kikuu jijini New York, wakalichapisha mwaka 1978. Mtu anamwendea aliye karibu kuanza kutumia mashine, anaomba apishwe. Akisema tu ana kurasa 5 na kuomba kutumia mashine, asilimia 60 walimpisha. Akiongeza kwamba ana haraka, asilimia 94. Ajabu ni kwamba alipotoa sababu isiyo sababu, yaani "kwa sababu nahitaji kutoa nakala", walimpisha asilimia 93. Hapo ndipo wengi huishia kusimulia, wakakushauri utie "kwa sababu" kila mahali. Sehemu iliyobaki ndiyo yenye faida kwangu: alipoomba kurasa 20, ile sababu tupu ilipoteza nguvu kabisa, wakakubali wachache sawa na aliyeomba bila sababu. Sababu ya kweli bado ilisaidia.

Mimi ombi langu kubwa kwa mteja ni malipo ya awali. Zamani nilisema "nusu kwanza, ndio utaratibu." Huo utaratibu ni sababu tupu, na nusu ya fedha ni kurasa 20. Sasa nasema: "Kitambaa hiki nakwenda kukinunua kwa ajili yako, nikikikata hakimfai mwingine." Na ninayasema baada ya kupima na kuelewana kuhusu mshono, kamwe si mtu akiwa bado amesimama kizingitini. Viatu avue kwanza.

Habari ya kutoa machaguo machache nitaipita haraka. Niliwahi kupunguza sampuli za vitambaa ninazomwonyesha mteja kwa sababu nilisikia kwamba wingi huwachanganya watu. Ipo tafiti mashuhuri ya mwaka 2000 inayosema hivyo, lakini mwaka 2010 watafiti waliokusanya majaribio mengi ya aina hiyo walikuta kwamba kwa wastani athari yake inakaribia sifuri. Kwangu pia ilikuwa hivyo: anayejua anachotaka hukasirika ukimfichia, asiyejua hufurahi ukimchagulia. Namuuliza kwanza yeye ni yupi.

Ukitaka kujaribu hili la kidaftari, usilifanye mradi. Wiki moja inatosha kuanzia. Andika pale unapotoa pesa bila kusitasita na pale unapogeuka kuondoka, na uandike papo hapo, kwa sababu ukingoja jioni utaandika sababu nzuri badala ya sababu ya kweli. Mimi nimewahi kuandika kwamba nimeondoka dukani kwa sababu ya bei, nikakumbuka baadaye kwamba bei hata sikuiuliza.

Duka lenyewe lilikuwa la vifungo na nyuzi. Nilisalimia, muuzaji akaitikia vizuri tu, ila macho hayakuinuka kutoka kwenye simu. Nikazungukazunguka, nikatoka. Kwenye kidaftari niliandika: "Kaitikia salamu, hakuniona." Nilikuwa nimesimama barabarani naandika hivyo kwa hasira, kisha nikakumbuka mahali ninapochaji simu yangu: juu ya meza ya mbele, mkabala na mlango, pale mteja anapoingia.

Jioni ile niliichomoa chaja nikaihamishia nyuma, kwenye soketi iliyo karibu na pasi. Msaidizi aliniuliza kama ile ya mbele imeharibika.